Pini ya Shaba na Mkono wa Sadiq

"Hiyo ni pini, si nyoka," Kinyanjui alisema. "Usiiue."

Sadiq alishusha nyundo. Kwa miezi miwili sasa, mwanamume huyu mpole alikuwa akija kila Jumamosi kujifunza katika karakana ya visu nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na kila Jumamosi Kinyanjui alimshukuru Mungu kwamba hakupewa wanafunzi wawili wa aina hiyo.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Vipande viwili vya shaba hubana ubapa wa kisu, kimoja kila upande, pale mpini unapoanzia. Pini ya shaba hupita katikati, kisha ncha zake hugongwa taratibu hadi zitanuke na kujaza tundu. Ukishapiga tupa, pini haionekani tena.

Ya Sadiq ilionekana. Ilikuwa imepinda kama msumari uliong'olewa mlangoni.

"Mkono umetetemeka tena," Sadiq akasema. "Tangu ile ajali ya mwaka jana. Ndiyo maana nakuja, nauzoeza."

"Uzoeze kwa kupepeta mchele. Hapa tunaharibu shaba." Kinyanjui alikipapasa kisu kwa kidole, maana jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu mzito. "Hata mimi nisiyeona nimeona pengo."

Sadiq alicheka, akaitoa pini, akaanza upya. Ya tatu ilikaa. Karibu ikae.

"Hongera. Ukifika miaka mia utakuwa fundi," mwalimu akasema. "Jumamosi ijayo usije. Jumatano naenda kutolewa mtoto wa jicho hospitalini huko Parklands, nitakuwa bado napumzika. Nimetafuta daktari mwenye mkono mtulivu, si kama wa watu fulani."

"Mungu akujalie, mwalimu."

Jumatano Kinyanjui alikuwa amelala chali hospitalini, uso umefunikwa kitambaa, jicho moja tu limeachwa nje. Lilikuwa limetiwa ganzi. Yeye mwenyewe alikuwa macho kabisa.

"Daktari wako amepata dharura," nesi alimwambia kwa uchangamfu. "Lakini una bahati, mzee. Bingwa wetu wa upasuaji wa macho amerudi kazini leo hii, baada ya mwaka mzima."

Kinyanjui akasikia glavu zikivutwa, kisha kiti kikisogezwa karibu na kichwa chake.

"Mwalimu," ikasema sauti ya Sadiq, "tafadhali, leo usitetemeke wewe."