Sahihi ya Tano

Waamuzi wanne wa tamasha la filamu walikuwa wameshatia sahihi. Ilibaki ya Saumu, mhariri wa filamu aliyestaafu. Karatasi ya matokeo mbele yake ilimpa ushindi mpwa wa mfadhili.

"Dada Saumu, watu wanatungoja ukumbini," Bwana Mwinyikai, mwenyekiti wa jopo, alisema kwa upole. "Tia sahihi tumalize."

"Ile filamu ya wachimba chumvi, nani kati yenu aliitazama mpaka mwisho?"

Mwinyikai alimsogezea kalamu.

"Ukikataa, mwakani hutaitwa."

"Basi nisiitwe."

Kazi hii aliipenda kuliko chochote kilichombakia. Hata hivyo alichukua kalamu, na mahali pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa: SIKUBALI. WALIOSHINDA NI WACHIMBA CHUMVI.

Akaikunja karatasi, akamkabidhi Mwinyikai, akatoka, akaenda kuketi mstari wa mbele ukumbini. Mshereheshaji alipomwita mwenyekiti, makofi yalivuma, na Mwinyikai akapanda jukwaani na karatasi ile ile, isiyo na nakala. Aliikunjua, akaitazama. Makofi yakatulia, naye alikuwa bado hajafungua mdomo.