Umefika Salama?

Bosire alimaliza kuwahutubia wafanyabiashara wa Kisii kuhusu akili mnemba. Kilichowanogea zaidi ni sauti ya marehemu mama yake, ambayo mashine iliiga kutokana na jumbe alizokuwa akimrekodia kutoka kijijini kwao Manga. Walipiga makofi, kisha wakaenda kupanga foleni ya chakula uani.

Alipobaki peke yake jukwaani, akabonyeza tena kitufe cha sauti hiyo.

"Umefika salama, mwanangu?"

Akaijibu, kidole kikiwa bado kwenye kitufe.

"Nimefika, mama. Nyumbani kwako nilipita tu. Mlango ulinishinda kufungua."

Kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola yake, hakijazimwa. Spika za uani zilipayuka kila neno.

Watu kwenye foleni wakageukia spika. Muuza ndizi mmoja akairudisha sahani mezani, akaelekea ukumbini.