Mwalimu Husoma Mara Mbili

Tangu aanze kuugua, Bi Mwanaidi alikuwa akijifunza Kiingereza kwa siri, kwa redio. Leo somo la sokoni, kesho la stesheni, keshokutwa la kwa daktari. Mwalimu wa redioni alisoma kila habari mara mbili, kisha akauliza maswali matano, naye akayajibu kwenye daftari lililoachwa na mjukuu wake. Alitaka kumshangaza mwanawe Shomari, ambaye kila penye neno la kufichwa alihamia Kiingereza na mkewe, mama akiwa pale pale kama kabati.

Asubuhi hiyo daktari alikuja nyumbani na bahasha ya vipimo.

"Mama hajui Kiingereza," Shomari alimwambia kwa Kiingereza. "Sema tu, daktari."

Bi Mwanaidi nusura acheke. Alikuwa ameelewa sentensi nzima! Akatega sikio apate na nyingine.

Daktari alifungua bahasha, akasoma majibu polepole, neno moja moja, kama mwalimu wa redioni. Halikumpita hata moja. Mkono wake uliokuwa ukipapasa kutafuta kalamu ukasimama juu ya shuka.

"Anasemaje?" aliuliza kwa Kiswahili.

Shomari alikohoa. "Anasema unaendelea vizuri, mama. Ni dawa tu."

"Alhamdulillahi."

Daktari akaanza kufunga mkoba wake. Bi Mwanaidi akafungua daftari, akaandika namba moja hadi tano, kisha akamkazia daktari macho mdomoni, akingoja asome mara ya pili.