Kiota cha Nailoni

Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, alichoka kusuka upya kila masika. Mwaka huo aliacha nyasi, akaokota nyuzi za nailoni jalalani.

"Unasuka kiota au unafunga mzigo?" mkewe akamtania.

"Nyasi huoza, mke wangu. Hizi hata mimi siwezi kuzikata."

Mkewe akaingia, akataga. Siku ya tatu uzi mmoja ulimnasa mguu, akashindwa kutoka. Mnana aliudonoa uzi huo mchana kutwa hadi mdomo ukavuja damu. Unyasi angeukata mara moja. Jioni mkewe akakata roho.

Masika yaliyofuata, viota vya majirani vilioza vikaanguka, nao wakasuka vingine. Kiota cha Mnana kiliendelea kuning'inia, kizima, mkewe akiwa ndani.