Mgongo wa Isidore

Zélie alimuuliza mara mbili kama barua aliyomwandikia mumewe ilikuwa imefunguliwa, na mara zote mbili Isidore alitazama dirishani.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kupigia pasi, kofia ya kijeshi mkononi, mashuka ya watu yamening'inia pande zote. Zélie aliwatuma nje wasichana wake wa kazi, akamwambia mgeni akae. Hakukaa.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu Anselme, mume wa Zélie, aanguke na ndege yake karibu na mji wa Soissons. Gazeti la michezo lilitoa picha yake ya kabla ya vita, amevaa fulana ya bingwa wa baiskeli wa Ufaransa, anacheka hadi masikioni.

Isidore alikuwa ameshasema alichokuja kusema. Walikuwa wawili angani, kila mmoja na ndege yake, yeye mbele, Anselme nyuma. Wajerumani walikuwa watano. Mmoja akatokea upande wa jua, Anselme hakumwona, risasi zikampata, hakuteseka. Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtoto aliyekaririshwa.

"Hakumwona," Zélie alisema.

"Jua lilikuwa kali, shemeji."

"Anselme? Aliyekuwa akijua tairi litapasuka kabla halijapasuka?"

Kwa miaka saba Isidore ndiye aliyemwongoza Anselme uwanjani. Yeye mbele, wima juu ya pikipiki, koti lake pana la ngozi likikata upepo. Anselme nyuma juu ya baiskeli, shubiri moja tu kutoka gurudumu la pikipiki, kilomita themanini kwa saa. Mwendeshaji wa mbio hizo haoni njia. Anaona mgongo. Mgongo ukiinama, naye anainama.

Zélie alizoea kumtania mumewe kwamba mke wake wa ndoa ni Isidore, yeye ni kimada tu. Anselme alikuwa akicheka. "Mgongo ule ukiingia ukutani," alisema siku moja, "itabidi mtuzike wawili."

Vita vilipokuja, Isidore akajifunza urubani, na Anselme akaomba kikosi kilekile. Mwezi uliopita wakubwa walimpa Anselme kazi ya kufundisha marubani wapya kule kusini, mbali na mizinga. Aliikataa, kwa kuwa Isidore hakupewa. Hapo ndipo Zélie alipoandika. Aliandika kwamba amechoka, kwamba mume wa namna hiyo hana haja na mke, na kwamba akirudi hatamkuta. Hakuwa na nia ya kwenda popote. Alitaka tu aogope kidogo, arudi nyumbani.

"Naambiwa ilifika asubuhi ileile aliyoanguka," alisema. "Niambie tu. Aliisoma?"

"Aliisoma."

"Akasema nini?"

"Akaikunja, akaitia kifuani. Akasema wewe ni hatari kuliko Wajerumani, maana wao hawaandiki." Isidore alijaribu kutabasamu.

Zélie hakutabasamu. Aliinua pasi kutoka juu ya jiko, akaitazama, akairudisha. Alisema basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyetoka kusoma kwamba mkewe anamwacha hatazami jua. Anatazama ile barua, hata ikiwa kifuani. Hajamwambia mtu, hata mama yake. Jumapili hakwenda kanisani, kwa sababu padri atalisoma jina la Anselme, na yeye hajui dhambi ya mke anayemuua mumewe kwa stempu inaitwaje.

"Mimi ndiye niliyempofusha," alisema. "Yule Mjerumani alimalizia tu."

"Usiseme hivyo. Alipanda ndege anapiga mluzi."

"Unanionea huruma."

"Sikuonei."

"Basi kwa nini hakumwona?"

Isidore akaiweka kofia juu ya mashuka safi. Akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Hapakuwa na wa kumwona," alisema. "Wote watano walikuwa nyuma yetu, bado wako mbali. Hawakuwa wamepiga hata risasi moja. Mimi nikaogopa. Nikazima injini, nikaiacha ndege ielekeze pua chini na kuzunguka kama iliyopigwa, ili wanione nimekwisha waniache. Sikumpa Anselme ishara yoyote. Karibu na miti nikaiinua. Mabawa yangu yakashika upepo. Nyuma yangu nikasikia mshindo ardhini."

Zélie alishika ukingo wa meza.

"Nilijifanya nimekufa, shemeji. Yeye akanifuata."