Maharage Chapwa

Gozbert alikanyaga mstari hatua chache tu, dunia ikamzunguka. Akaenda mrama kama mlevi, akaanguka kifudifudi, akatapika mbele ya kijiji kizima.

Mstari ule aliuchora kamanda wa mgambo kwa fimbo, kwenye kiwanja cha kijiji cha ujamaa, Nyantakara. Asiyeweza kuufuata hapandi lori la kwenda vitani.

"Atapanda lijalo," kamanda alisema, akasonya. Vijana waliokwisha kupanda wakacheka.

Deodata, mkewe, alimkimbilia roho mkononi. Masikini mama wa watu! Lori la kwanza lilimchukua kaka yake, Renatus, na tangu siku hiyo kimya. Amebakiwa na mume tu. Akimpoteza na huyu, atamlilia nani?

Modestus, daktari wa zahanati, alimwegemeza Gozbert ukutani, akamwekea saa yake sikioni.

"Unaisikia?"

"Kwa mbali. Kuna mvumo ndani, unanimaliza."

"Basi sielewi. Sikio linalosikia saa ni sikio la kupona. Niliwaambia tangu mvua za kwanza: asionje chumvi, kizunguzungu kitakwisha. Wenzake wote wenye ugonjwa huu wamepona." Akamgeukia Deodata. "Mama, kweli chumvi haiingii chunguni kwako?"

Mama mkwe, Bi Bernadetha, akadakia. "Chumvi ipi, daktari? Duka la kijiji halina hata punje. Ile kidogo tuliyokuwa nayo huyu mkwe wangu kaificha, na sisi wazima tunakula maharage chapwa kwa ajili ya mgonjwa. Mke kama huyu ningempata wapi?"

"Bora nife kuliko aibu hii," Gozbert alisema kwa sauti, akiwa amefumba macho.

"Hufi, bwana. Endeleeni hivyo hivyo. Lori lijalo utalipanda kwa miguu yako mwenyewe, nakuhakikishia."

Deodata akaangua kilio.

"Usilie, mama," Modestus alimbembeleza. "Hiyo ni habari njema."

Nyumbani, mama mkwe alipokwenda kisimani, Deodata alipakua maharage ya mumewe. Alifungua pindo la khanga, akamimina chumvi bakulini, akakoroga.

Gozbert akaonja. Akachungulia mlangoni, kisha akanong'ona, "Chumvi ya lori lijalo itatosha?"