Ruzuku Asiyoiomba

Kidoti alitia mkasi wa kukatia vitambaa ndani ya mkoba, akafunga zipu, kisha akaifungua tena nusu ili mkono upite.

"Tunaenda ofisini au vitani?" aliuliza wifi yake, dada wa mumewe, akiwa amesimama mlangoni.

"Wifi, wewe twende tu."

Simu ilikuwa imeingia jana asubuhi, akiwa cherehanini anapinda sare za shule. Sauti ya mwanamke, taratibu, yenye adabu iliyozidi. Alilijua jina lake kamili, jina la mumewe, hata namba ya kitambulisho. Alisema anapiga kutoka ofisi ya serikali, kuhusu ruzuku ya familia.

"Mimi sijaomba ruzuku yoyote."

"Najua, mama. Hii haiombwi. Njoo na kitambulisho, hulipi chochote. Na tafadhali, njoo na ndugu wa karibu."

"Ndugu wa nini?"

"Si jambo la simu."

Sindano ilikuwa imemchoma kidole, wala hakuhisi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka juzi Kidoti aliletewa fomu yenye muhuri mzuri, ruzuku ya mafundi cherehani. Akauza cherehani yake ya pili alipe "ada ya usajili", na hadi leo hajaiona ruzuku wala aliyeileta fomu. Somo alilipata: serikali haikutozi ili ikupe. Lakini hawa hawakutaka ada. Walitaka nini, basi? Na wamemjuaje?

Alimwandikia mumewe, mchimbaji kwenye mgodi wa mbali. Mume alisema spika ya simu yake imeharibika, kwa hiyo siku hizi walikuwa watu wa kuandikiana tu. Jibu halikuchelewa.

"Kidoti wangu, usiende. Hao matapeli. Wakishika kitambulisho chako wamekumaliza. Na ile pesa ya dawa nitumie leo, kifua bado kinabana."

Angemsikiliza. Ila leo asubuhi yule mwanamke alipiga tena: "Mama, usipokuja, itabidi sisi tuje kwako."

Heri akutane nao penye watu kuliko wamkute peke yake kibandani na vitambaa vyake.

Jengo lilikuwa la kweli, bendera ya kweli, mlinzi wa kweli aliyesinzia kwelikweli. Ukutani kulikuwa na bango kubwa: HUDUMA ZOTE NI BURE.

"Bango hata tapeli anabandika," wifi alinong'ona.

Walikaa kwenye benchi. Kidoti akamwandikia mumewe: "Tumefika." Jibu lilirudi kabla hajaishusha simu: "Tokeni hapo sasa hivi! Msitoe kitambulisho!"

Akamwonyesha wifi.

"Kaka kasema tutoke, tutoke," wifi alisema, akainuka.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mwanamke mwenye miwani akamwita Kidoti kwa jina lake kamili, akawaingiza, akawaketisha, kisha akafunga mlango. Kidoti akapenyeza mkono mkobani, akaukamata mkasi.

"Kitambulisho, mama."

"Sitoi. Kwanza uniambie mnataka nini."

Mwanamke hakukasirika. Alifungua jalada, akalitazama kwa muda, kana kwamba anatafuta pa kuanzia.

"Tuliwaandikia barua tatu. Zote zilirudi, mlikuwa mmehama. Ikabidi tutafute namba yako." Aliisukuma karatasi mbele yao. "Hii ni ruzuku ya familia za waliofia kazini. Kifusi kiliporomoka mgodini miezi mitano iliyopita. Mumeo alizikwa huko huko. Poleni sana."

Wifi alishika kichwa. Kidoti yeye alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Kumbe ni makosa ya jina tu! Akauachia mkasi, akatoa simu.

"Umekosea mtu, mama. Nimetoka kuongea naye sasa hivi, hapo nje kwenye benchi. Soma mwenyewe."

Mwanamke aliipokea simu. Alisoma akipandisha juu, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Kisha akavua miwani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mara ya mwisho kuisikia sauti yake ilikuwa lini?"